Jasho la usiku na presha ya mama: mishipa inapokosa homoni iliyoizoea

Saa nane usiku mama anatupa blanketi pembeni. Ni Bulongwa, ni mwezi wa Juni, baridi inaingia hadi kwenye mifupa. Watoto wamejikunyata, baba amejifunika gubigubi. Yeye jasho linamtiririka kifuani na moyo unamwenda mbio kama mtu aliyepandisha mlima na gunia la viazi mgongoni. Baada ya dakika chache hali inatulia, jasho linapoa, na sasa ndipo anaanza kutetemeka.

Asubuhi majibu yanakuwa mengi. Jirani atasema ni malaria. Mwingine atanong'ona kwamba amerogwa. Shangazi atasema hayo ni mambo ya utu uzima, avumilie tu. Mara nyingi shangazi ndiye aliye karibu zaidi na ukweli, ila hilo neno "avumilie" ndilo lenye kasoro.

Wanawake wengi hedhi yao hukoma kati ya miaka 45 na 55. Miaka michache kabla ya hapo huanza kuruka miezi, kuja nyingi au kuja kidogo, na usingizi huwa wa kukatikakatika. Hayo yanafahamika. Kisichozungumzwa sana majumbani ni kwamba homoni inayopungua wakati huo, estrojeni, haikuwa na kazi kwenye mji wa mimba na matiti peke yake. Ilikuwa na kazi kwenye moyo na mishipa ya damu pia, na inapoondoka, mishipa hubadilika.

Ujumbe na laini ya simu

Homoni ni ujumbe unaosafiri ndani ya damu. Unapita kila mahali, kuanzia utosini hadi kwenye kidole cha mguu, lakini hausomwi kila mahali. Ni kama mawimbi ya simu: yanafika kijiji kizima, ila ujumbe unaingia kwenye simu yenye laini uliyotumiwa. Laini hiyo, kwenye chembe hai za mwili, wataalamu huiita kipokezi. Chembe isiyo na kipokezi cha homoni fulani, homoni hiyo inaipita tu.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 mtafiti Elwood Jensen, akiwa Chicago nchini Marekani, alionyesha kwamba estrojeni inanaswa na kushikiliwa kwenye mji wa mimba wa panya, wakati viungo vingine vingi haviishikilii hivyo. Hapo ndipo wazo la kipokezi cha estrojeni lilipopata miguu. Kwa miaka mingi baadaye homoni hii ilionekana kuwa jambo la uzazi, basi.

Mwaka 1994 watafiti wa Boston walionyesha kuwa misuli ya kuta za mishipa ya damu ya binadamu ina vipokezi vya estrojeni vinavyofanya kazi. Miaka miwili baadaye timu ya Jan-Åke Gustafsson nchini Sweden ikatangaza aina ya pili ya kipokezi. Ya kwanza ikaitwa alfa, ya pili beta. Leo inajulikana kwamba aina zote mbili zipo kwenye utando laini wa ndani wa mishipa, kwenye misuli ya kuta zake, na kwenye nyama ya moyo wenyewe.

Vinafanya nini huko? Utando wa ndani wa mshipa hutoa hewa iitwayo nitriki oksaidi, kwa kiasi kidogo mno, ambayo huiambia misuli ya ukuta ilegee. Mshipa unapanuka, damu inapita kwa nafasi, presha inashuka. (Ugunduzi wa kazi ya hewa hiyo ndio uliowapa Wamarekani watatu Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1998.) Estrojeni inapotua kwenye kipokezi chake, utando huo hutoa hewa hiyo kwa wingi zaidi. Kazi nyingine ya kipokezi ni ya taratibu: kinaingia hadi kwenye kiini cha chembe na kuwasha au kuzima vinasaba, na matokeo yake huonekana baada ya saa au siku.

Mwanamume aliyekosa kipokezi

Anayedhani haya ni mambo ya wanawake tu asome kisa hiki. Mwaka 1994 madaktari nchini Marekani waliandika habari za mwanamume wa miaka 28, mwenye urefu wa sentimita 204, ambaye alikuwa bado anarefuka. Mifupa yake ilikuwa dhaifu. Estrojeni alikuwa nayo, tena nyingi, kwa sababu mwili wa mwanamume nao hutengeneza estrojeni kutokana na homoni ya kiume. Tatizo lilikuwa kwenye vipokezi vya alfa: kasoro ya kurithi ilivifanya visifanye kazi. Ujumbe ulitumwa, ukakosa pa kupokelewa.

Mwaka 1997 mishipa yake ikachunguzwa. Haikuweza kupanuka inavyotakiwa, na mshipa unaolisha moyo ulikuwa tayari na dalili za kuganda mafuta na chokaa, katika umri wa miaka 31. Mtu mmoja hatoshi kutunga sheria ya tiba, lakini ni vigumu kukiona kisa hicho na kuendelea kusema kwamba homoni hiyo haiuhusu moyo.

Kinachobadilika hedhi ikikoma

Katika umri wa kuzaa, wanawake kwa wastani huwa na presha ya chini kuliko wanaume wa rika lao. Baada ya hedhi kukoma pengo hilo linaziba, na uzeeni mara nyingi wanawake ndio wanaokuwa juu. Mishipa hukakamaa. Mafuta mabaya kwenye damu huongezeka. Mwili unakuwa mwepesi zaidi kupandishwa presha na chumvi, hivyo mama aliyekula mboga zenye chumvi nyingi miaka yote bila tatizo anaweza kupata tatizo sasa kwa chumvi ileile.

Lile jasho la usiku lenyewe halitoki kwenye mishipa iliyokakamaa. Linatoka kwenye sehemu ya ubongo inayopima joto la mwili, ambayo nayo huyumba estrojeni ikipungua. Inaamini mwili umepata joto kali, inaamuru mishipa ya ngozi ifunguke na jasho litoke, na moyo unaongeza mwendo. Kwa hiyo jasho linasumbua lakini lenyewe haliui. Linaloua ni lile lisilopiga kelele: presha inayopanda miaka kumi bila kuumiza popote, hadi siku ya kiharusi.

Presha nchini si jambo dogo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta kwamba takriban robo ya Watanzania wa miaka 25 hadi 64 walikuwa na shinikizo la juu la damu. Wengi wa aina hiyo hugundulika wakiwa wameenda hospitali kwa jambo jingine.

Kwenye milima ya Makete kuna mambo mawili zaidi ya kuangalia. Baridi hukaza mishipa, ndiyo maana vipimo vya presha huwa juu kidogo msimu wa kipupwe. La pili ni ulanzi na pombe nyingine, ambazo zikinywewa kwa wingi na mara kwa mara hupandisha presha, kwa baba na kwa mama. Moshi wa kuni ndani ya jiko lililofungwa kwa sababu ya baridi nao ni adui wa mishipa, si wa mapafu peke yake.

Kizazi kilichookolewa

Kuna sababu ya kuyazungumza haya Bulongwa kwa sauti kubwa kuliko mahali pengine. Makete ni kati ya maeneo yaliyoumizwa mapema na vibaya na UKIMWI nchini. Hospitali ya Kilutheri ya Bulongwa ni miongoni mwa zilizobeba mzigo huo, na bibi wengi walijikuta wakianza upya kulea wajukuu. Hadi leo Njombe ndio mkoa wenye kiwango kikubwa zaidi cha maambukizi ya VVU Tanzania: asilimia 11.4 ya watu wazima katika utafiti wa 2016 hadi 2017, na asilimia 12.7 katika ule wa 2022 hadi 2023.

Dawa za ARV zilianza kutolewa bure kwa mpango wa taifa mwaka 2004. Mwanamke aliyeanzishiwa dawa akiwa na miaka 30 wakati huo leo ana miaka 50 na ushee. Ameishi, amesomesha, ameozesha. Na sasa, pamoja na vidonge vyake vya kila siku, anaingia kwenye kipindi ambacho mishipa yake inapoteza estrojeni.

Kwake hesabu inakuwa nzito zaidi. VVU, hata vikiwa vimefubazwa na dawa, huacha mwili katika hali ya uvimbe wa chinichini ambao huchubua utando wa ndani wa mishipa, utando uleule wenye vipokezi. Mtu anayeishi na VVU ana uwezekano mkubwa zaidi wa kupata mshtuko wa moyo na kiharusi, takriban mara mbili ya asiye navyo. Baadhi ya tafiti zimeonyesha pia kwamba wanawake wenye VVU hufikia ukomo wa hedhi mapema zaidi.

Habari njema ipo. Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa wa watu 7,769 wenye VVU, wa miaka 40 hadi 75, katika nchi 12, Uganda ikiwemo. Waliopewa kidonge cha kushusha mafuta kwenye damu walipata matukio makubwa ya moyo na mishipa kwa asilimia 35 pungufu ya wenzao. Si kila kliniki ina kidonge hicho, ila swali linafaa kuulizwa kwa daktari: je, mimi nahitaji dawa ya mafuta?

Kuna mtego mmoja ambao mama wa namna hii na watoto wake wanapaswa kuujua. Jasho jingi la usiku ni dalili ya ukomo wa hedhi, lakini ni dalili ya kifua kikuu pia. Likija pamoja na kikohozi, homa au kupungua uzito, jibu la kwanza lisiwe "ni umri". Kwa anayeishi na VVU, hata jasho peke yake linatosha kumfanya apimwe TB kabla ya kuambiwa kwamba homoni zimeisha. Kosa la kuambiwa ni umri wakati ni TB lina gharama kubwa kuliko aibu ya kupima na kukuta hakuna kitu.

Basi si apewe tu homoni?

Swali hilo ni la akili, na madaktari wakubwa waliwahi kulijibu "ndiyo". Kama mishipa ina vipokezi na estrojeni imepungua, irudishwe kwa vidonge. Kwa miaka mingi wanawake wa Marekani na Ulaya walipewa kwa matumaini ya kulinda moyo.

Mwaka 2002 utafiti uliohusisha wanawake 16,608 wa miaka 50 hadi 79 nchini Marekani ulisimamishwa kabla ya wakati. Waliokuwa wakimeza estrojeni pamoja na homoni mwenzake walipata mshtuko wa moyo, kiharusi, damu kuganda na saratani ya matiti zaidi kuliko waliomeza vidonge visivyo na dawa. Mamilioni duniani waliacha dawa hizo ndani ya muda mfupi.

Ilikuwaje homoni inayolegeza mishipa iwaletee madhara? Sehemu ya jibu ilikuwa kwenye umri. Wastani wa waliokuwa kwenye utafiti ulikuwa miaka 63, yaani wengi walikuwa wameachana na hedhi zamani. Mishipa iliyokwisha kuganda mafuta haisomi ujumbe kama mishipa mizima. Watafiti waliwahi kukuta vipokezi vichache kwenye mishipa ya moyo iliyoharibika, hata kwa wanawake ambao hawajafikia ukomo. Utafiti wa 2016 wa wanawake 643 uliunga mkono wazo hilo: walioanza estrojeni ndani ya miaka sita tangu hedhi ikome, kuta za mishipa yao ya shingo ziliongezeka unene taratibu zaidi, lakini walioanza baada ya miaka kumi au zaidi hawakupata faida hiyo.

Msimamo uliobaki ni huu: homoni huweza kutolewa na daktari kwa mwanamke anayeteswa sana na joto na jasho, akiwa bado karibu na ukomo wa hedhi na hana sababu ya kumzuia. Hazitolewi kwa lengo la kuzuia ugonjwa wa moyo. Kwa hiyo matangazo ya kwenye simu yanayouza chupa ya "kurudisha homoni na kusafisha mishipa" kwa pamoja yanaahidi kitu ambacho hata utafiti wa watu elfu kumi na sita ulikikosa. Pesa hiyo ikanunue kipimo cha presha cha familia.

Wapo watakaouliza kuhusu soya, inayolimwa Nyanda za Juu Kusini na kusagwa kwenye unga wa lishe wa watoto. Ni kweli soya ina kiambato kinachoweza kushika vipokezi vya estrojeni, hasa vya beta, ila kwa nguvu ndogo. Ni chakula kizuri cha protini. Si dawa ya presha.

Ishara za mapema

Mishipa ya mama hutoa taarifa kabla ya miaka 45, na nafasi kubwa ni wakati wa ujauzito. Mwanamke aliyepata presha ya mimba au kifafa cha mimba akiwa na miaka 23, akajifungua, presha ikashuka, huambiwa amepona. Amepona ile ya mimba. Lakini uwezekano wake wa kupata ugonjwa wa moyo au kiharusi miaka ya mbele ni takriban mara mbili ya mwenzake. Taarifa hiyo huishia kwenye kadi ya kliniki iliyotafunwa na panya, na miaka ishirini baadaye hakuna anayemuuliza. Inafaa aiseme mwenyewe kila anapopimwa.

Vivyo hivyo kwa aliyeondolewa ovari zote mbili kwa upasuaji, au aliyekoma hedhi kabla ya miaka 40. Mishipa yake imeanza kuishi bila estrojeni mapema, na vipimo vinapaswa kuanza mapema.

Upande wa uzazi wa mpango, vidonge vyenye mchanganyiko wa homoni mbili vina estrojeni ya kutengenezwa, na kwa baadhi ya wanawake hupandisha presha na kuongeza hatari ya damu kuganda. Mwenye presha ya juu hashauriwi kuvitumia. Vijiti na kitanzi humfaa zaidi. Asiyepimwa presha kabla ya kupewa vidonge hivyo ana haki ya kuomba apimwe.

Kupima si kufunga mkanda tu

Presha inapimwa mtu akiwa amekaa, mgongo umeegemea, miguu imegusa sakafu, mkono umewekwa juu ya meza usawa wa moyo, baada ya kutulia dakika tano. Aliyefika sasa hivi kutoka mlimani asipimwe akiwa anahema. Asiongee. Apimwe mara mbili. Ikisoma 140 kwa 90 au zaidi kwa siku tofauti, hiyo ni presha ya juu inayotaka matibabu, na dalili hazisubiriwi. Zahanati na kituo cha afya wanaweza kupima. Anayehudhuria CTC akumbushe mkanda ufungwe kila anapokwenda kuchukua dawa. Kesi ngumu zina njia yake ya rufaa, kupitia Njombe au Mbeya hadi Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete Dar es Salaam.

Watoto wakubwa wenye wazazi kijijini, na wao wapo Makambako au mjini Njombe kwenye biashara, wanaweza kuuliza namba hizo mbili kwenye simu kila mwezi kama wanavyouliza mvua. Waulize na hili: je, mama anachoka kupita kawaida, anakatwa pumzi kwenye kilima alichozoea, anapata maumivu ya taya, mgongo au kichefuchefu kisichoeleweka? Mshtuko wa moyo kwa wanawake huweza kuja kwa sura hiyo, bila yale maumivu makali ya kifua yanayojulikana, na hiyo ni safari ya hospitali siku hiyohiyo.

Dawa za presha nyingi nazo hufanya kazi kupitia vipokezi. Losartan hukaa kwenye kipokezi cha homoni inayokaza mishipa, ili homoni hiyo ikifika ikute nafasi imejaa. Atenolol na propranolol huziba vipokezi vya adrenalini kwenye moyo, ndiyo maana mapigo hupungua. Kidonge kikiachwa kwa sababu "presha imeshuka", vipokezi vinaachwa wazi tena, na presha inarudi. Hizo za adrenalini zikikatishwa ghafla moyo unaweza kupigwa na mshtuko.

Tahadhari moja ni ya lazima kwa mama wa miaka 43 au 46 ambaye hedhi inaruka. Kuruka si kukoma, na mimba za umri huo zipo. Losartan, captopril na enalapril hazitakiwi kwa mjamzito kwa kuwa huharibu figo za mtoto tumboni, kwa hiyo anayezitumia aendelee na uzazi wa mpango hadi apitishe miezi 12 mfululizo bila hedhi, na akihisi tofauti yoyote apime mimba mapema. Binti yake naye, siku anaanza kliniki ya ujauzito, amwambie muuguzi kama mama yake aliwahi kupata kifafa cha mimba, kwa sababu jambo hilo hufuata ukoo na humfanya afuatiliwe kwa karibu tangu mwanzo.